Kibanio cha nywele na sindano ya shaba

Mhariri,

Mlichapisha barua ya mzee mmoja wa hapa Lamu aliyelalamika kwamba vijana wa uwanja wa Mkunguni hawana tena mazungumzo ila tamthilia za kigeni, na kwamba wamefika hadi ya kugombana kwa ajili ya Wakorea. La kugombana ni kweli, nilikuwepo. Lakini mzee hakuwaambia wasomaji waligombania nini, na usiku ule alikuwa akicheza bao hatua tatu kutoka nilipokaa, kwa hiyo kusikia alisikia.

Walikuwa kwenye msimu wa tatu wa Squid Game, ule uliotoka Juni 2025; ni tamthilia ya Kikorea ya watu wenye shida ya fedha wanaoshindana kwa michezo, na anayeshindwa huuawa. (Ambaye hajautazama naomba radhi, airuke aya hii.) Mna bibi mmoja humo, Geum-ja. Mwanawe, Yong-sik, ni mcheza kamari aliyezama kwenye madeni, na mama kaingia mchezo ule wa mauti ili apate fedha za kumlipia. Kufika anamkuta mwana naye yumo, kavaa namba kama yeye. Basi unakuja mchezo wa kujificha na kutafutana. Yong-sik yuko upande wa wenye visu: asipoua mtu kabla ya muda kwisha, anauawa yeye. Anamgeukia binti aliyetoka kujifungua papo hapo, kitoto hata saa hakina duniani. Mama anachomoa kibanio cha nywele chenye ncha na kumdunga mwanawe mgongoni. Muda unakwisha, walinzi wanampiga risasi.

Alifanya sawa?

Nahodha mmoja kijana akasema hapana, mama ni mama, mzazi hachagui mtoto wa watu akamwacha wake. Mwanafunzi wa madrasa akamjibu kwamba mtu akilazimishwa kuua haruhusiwi kuinunua roho yake kwa roho ya asiye na kosa, kwa hiyo Yong-sik ndiye aliyekosa kwanza, na mama alizuia dhulma tu. Wa tatu akauliza kwa nini hakumchoma mguu. Watu wakacheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekwa. Nusu ya waliopaza sauti, na hapa nakubaliana na mzee, walikuwa wameona vipande vya dakika mbili kwenye simu na kusimuliwa yaliyobaki. Hukumu walizitoa hivyo hivyo.

Ndipo mzee mwingine, si yule wa barua, akaweka kikombe cha kahawa chini na kusema, "Haya ya Liyongo mwayajua?" Akawakumbusha: mfalme wa Pate alimwahidi mwana wa Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za Waswahili, kumwoza binti yake, mwana akaenda kwa baba kuuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Baba akajua kinachotafutwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mwana akamdunga akiwa usingizini. Liyongo akaenda kupiga goti kisimani, upinde mkononi, akafa vile vile, na watu siku kadha hawakuthubutu kuteka maji. Na yule binti wa mfalme, mwana hakumpata. Mshairi Muhammad Kijumwa wa hapa hapa Lamu aliiandika habari hiyo kwa utendi mwaka 1913, na sisi tuliokulia huku tuliisikia kwa bibi zetu kabla ya kujua kusoma. "Huko mwana kamdunga babake kwa tamaa," mzee akasema, "hapa mama kamdunga mwanawe kwa kitoto kisicho chake. Sasa semani."

Wakasema, tena kwa muda mrefu. Je, Liyongo naye hakukosa, aliyemjibu mwanawe hali anajua? Je, kumpa mwana kila akitakacho ni mapenzi au ni kumwua polepole? Hilo la pili nililiona likiwakaa watu usoni, maana mtaani kwetu hakuna nyumba isiyo na kijana anayebeti.

Mama mmoja alikuwa pembeni na karai lake, akiuza viazi. Hakuna aliyemwuliza chochote. Akageuza viazi mafutani kwa kijiko cha matundu, akavichuja, akasema bila kututazama: "Mimi ningemchoma mapema. Siku ile aliyouza mkufu wangu."

Tulinyamaza. Tunamjua mwanawe, tumekaa naye baraza hiyo hiyo. Tangu mwanzo nilikuwa upande wa nahodha, mama ni mama, nami sikuwa na la kumjibu. Nikanunua viazi vya shilingi hamsini ambavyo sikuvihitaji.

Kuhusu kamari khutba tumezisikia, na serikali nayo ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwezi wa Aprili 2025. Sijaona kimojawapo kikiinyamazisha baraza yetu kama mama yule, na asingelisema neno lile kama wale vijana hawakuwa wakigombania Wakorea. Mzee wa barua anadhani tamthilia imewaondolea vijana mazungumzo ya maana. Nami namwuliza: ni lini mara ya mwisho alimsikia jirani yake akisema habari za mwanawe mbele za watu?

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Ukurasa wako wa burudani hutuletea gari la mwigizaji, harusi ya mwigizaji, na nani kaachana na nani. Mtafute mtu atuandikie yanayotendwa ndani ya hizo tamthilia, wanaotazama wanayapima vipi, na kwa nini wanatofautiana. Mwandishi akikosekana, mama wa viazi yuko Mkunguni kila usiku baada ya Isha. Ila mngoje kwanza amalize kuuza.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu