Barabara iko sawa, lakini sawa kwa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Mimi ni mtu wa bodaboda, steji yangu iko Gede hapo njia panda ya Watamu, na kila nikisikia mtu anasema barabara ya Mombasa kuja Malindi "iko sawa siku hizi" najiuliza, sawa kwa nani? Kwa aliye ndani ya Probox amefunga mkanda ni sawa, lami laini hata chai haimwagiki. Lakini njoo usimame na mimi saa kumi na mbili unusu asubuhi, watoto wanavuka kwenda shule, malori ya chumvi ya kutoka Gongoni yanapita na mzigo, matatu inakimbizana na nyengine kugombania abiria, na zebra yenyewe imefutika imebaki kama chaki kwenye ubao uliopanguswa. Juzi nimeona mtoto wa kike amesimama pembeni na kiatu kimoja mkononi, kilimchomoka katikati ya lami akakirudia, sasa anaogopa kujaribu tena.

Nilimbeba injinia mmoja kumpeleka Watamu, njiani tukapiga stori akaniambia kumbe kuna watu kazi yao ni kuzipa barabara nyota kama hoteli, moja mpaka tano. Shirika linaitwa iRAP, liko tangu 2006. Gari linapita na kamera, halafu barabara inakatwa vipande vya mita 100, kila kipande kinaangaliwa vitu zaidi ya 50, upana wa lami, kona, taa, mti au nguzo iliyo karibu, pahali pa kupita mtu wa miguu, spidi ya magari. Lakini kilichonifanya nipunguze mwendo nimsikilize vizuri ni kwamba kipande kimoja hakipewi alama moja, kinapewa nne: ya walio ndani ya gari, ya pikipiki, ya baiskeli na ya waendao kwa miguu. Kwa hiyo pahali hapo hapo panaweza kuwa nyota nne kwa mwenye gari na moja kwa mamangu anayevuka na ndoo ya samaki. Na wenyewe wanasema kila nyota ikiongezeka hatari ya kufa au kuumia vibaya inapungua karibu nusu.

Sisi huku tumezoea ile hesabu nyengine ya kungoja watu wafe. Wakishakufa wa kutosha ndio panawekwa kibao cha eneo hatari, na matuta yanamwagwa bila rangi, ambayo usiku yanatuangusha sisi wa pikipiki. Na hesabu yenyewe imetoboka, sababu mwenzetu akigongwa tunampakia kwenye tuktuk mbiombio hospitali, dereva anatoa pesa ya dawa yameisha, nani ataenda kuandikisha polisi? Mimi mwaka jana basi lilinisukuma nje ya lami karibu na Mida, ukingo pale umeliwa umeacha ngazi ya shubiri nzima, gurudumu la mbele likateleza nikaenda chini mkono ukavunjika. Hakuna daftari lolote lenye hiyo ajali. Ile njia ya nyota inaangalia barabara yenyewe, ule ukingo ungeonekana hata kama mimi singeanguka.

Nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana 2017 kwamba ikifika 2030 barabara zote mpya zifikie viwango vya usalama kwa watumiaji wote, au nyota tatu kwenda juu. WOTE jamani, hata muuza mahamri. Basi ombi langu ni dogo, kila watu wa serikali wakipanua au kukarabati barabara watuambie kipande kwa kipande, Mida nyota ngapi, Gede ngapi, Msabaha ngapi, daraja la Sabaki mpaka Mambrui ngapi, waandike kwa Kiswahili wabandike kwa chifu. Wastani wa barabara nzima hatuutaki, unaificha steji yangu kama mchele unavyoficha kijiwe mpaka ukitafune.

Mpaka hao wenye kamera wafike, alama ya anayevuka kwa miguu hapa kwetu naitoa mimi: nyota moja, na hiyo moja ni ya mzee muuza madafu anayeingia barabarani na fimbo yake asubuhi kusimamisha malori.

Wa bodaboda, Gede, Malindi