Mjomba, fumbo hilo liache bila mfano

Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu swali lenyewe si la siri. Kila mtoto aliyepitia mafundisho ya kipaimara hapa Malindi amewahi kuwa nalo, kisha akalimeza. Ninyi makatekista mnalijua pia, ndiyo maana mkifika somo la Utatu Mtakatifu mwendo unabadilika, mnakimbia kama mliochelewa matatu.

Kwenye matanga kule Ganda shemeji yetu wa Kiislamu alikuuliza kwa adabu kabisa, kikombe cha kahawa mkononi, Mungu mmoja anakuwaje watatu. Ulimjibu papo hapo: "Mimi hapa ni mmoja. Kwa watoto ni baba, kwa mke wangu ni mume, kanisani ni katekista. Watatu, na ni yuleyule." Watu wakacheka, shemeji akanyamaza, mazungumzo yakahamia bei ya nazi. Ukaonekana umeshinda.

Mjomba, ulichokitetea pale si imani ya Kanisa. Ni mafundisho ya Sabellius, mwalimu wa Roma wa karne ya 3, aliyeshikilia kwamba Baba, Mwana na Roho ni sura tatu za Mungu yuleyule. Kanisa lilimtenga kwa sababu hiyo. Ubovu wa mfano wako utauona ukiupeleka Gethsemane. Yesu anaanguka kifudifudi, anamwomba Baba kikombe kimwepuke, "walakini si kama mimi nitakavyo, bali kama utakavyo wewe." Pale kuna mwombaji na mwombwaji. Sasa wewe katekista ulimpigia simu lini mume wa mkaza mjomba ukimsihi akupunguzie mzigo, na yeye akakataa? Kama ni mmoja mwenye vyeo vitatu, basi usiku ule Bwana alikuwa akizungumza peke yake.

Nami ninachouliza kinaingia katika kauli nne. Baba ndiye Mungu. Mwana ndiye Mungu. Baba siye Mwana. Mungu ni mmoja tu. (Roho Mtakatifu namwacha kidogo ili hesabu isirefuke, ingawa naye anakuja na maswali yake.) Ukichukua tatu zozote kati ya hizo, zinakaa pamoja bila ugomvi. Ukiongeza ya nne, moja lazima ianguke. Ukiangusha ya pili uko na Arius, yule padre wa Alexandria aliyesema Mwana ana mwanzo. Ukiangusha ya tatu uko na Sabellius. Ukiangusha ya nne una miungu zaidi ya mmoja, na hapo hata babu zetu Wagiriama, waliomwita Mulungu kabla padre hajatia mguu huku, watakushangaa. Kanisa linatutaka tuzishike zote nne na tusiangushe hata moja.

Usidhani nawaona wazee wa Kanisa wajinga. Gregory wa Nyssa, katika karne ya 4, aliulizwa swali hilihili waziwazi: Petro, Yakobo na Yohana wana ubinadamu mmoja, nasi tunawaita watu watatu; mbona Baba, Mwana na Roho wenye umungu mmoja tusiwaite miungu watatu? Hakulikwepa. Alijibu kwamba wanadamu kila mmoja hufanya kazi yake, lakini kwa Mungu kila tendo ni moja, linaanza kwa Baba, linapita kwa Mwana, linakamilika katika Roho. Ni jibu la mtu mwenye akili, na nimelirudia mara nyingi nikitamani linitoshe. Halinitoshi. Kupatana, hata kuwe kukamilifu namna gani, hakupunguzi idadi ya wanaopatana.

Kuna hoja nyingine ambazo siziungi mkono. Kwenye mihadhara utasikia kwamba Utatu ulitungwa na Kaisari Constantine pale Nikea mwaka 325, kwenye mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliomkataa Arius. Si kweli. Wakristo walikuwa wakibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu zamani kabla yake, na mwanawe Constantius aliyerithi kiti alikuwa akiwapendelea wapinzani wa Nikea. Athanasius, mtetezi mkubwa wa Nikea, alifukuzwa kwenye kiti chake cha uaskofu mara tano kadiri upepo wa ikulu ulivyogeuka. Ninachokiona katika historia hiyo ni kwamba jambo halikuwa wazi hata kwa maaskofu waliolisoma Agano Jipya kwa Kigiriki, lugha waliyoizungumza nyumbani. Maneno tunayoyasema kila Jumapili, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba," yalipiganiwa zaidi ya miaka hamsini, na kifungu cha Roho Mtakatifu tulicho nacho kinatokana na mtaguso wa Constantinople wa 381. Mwaka 2025 tumeadhimisha miaka 1700 ya Nikea kwa nyimbo na maandamano. Sikusikia mahubiri hata moja yaliyogusa ule ugomvi.

Najua utanipeleka kwenye Maandiko, nami nakwenda nawe kwa hiari. Tomaso alimwambia Yesu, "Bwana wangu na Mungu wangu." Hilo nalikubali, ni zito, na ndilo linalonizuia kwenda na Arius. Lakini soma na Marko 13:32: habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika mbinguni, wala Mwana, ila Baba. Jibu la kawaida ni kwamba Yesu hakujua kwa ubinadamu wake, alijua kwa umungu wake, na Mtaguso wa Kalsedonia wa 451 ulitupa lugha ya hizo asili mbili. Haya. Roho Mtakatifu je? Yeye hakutwaa mwili, hana ubinadamu wa kumsingizia. Aya inasema ila Baba. Utanijibu kwa Paulo, kwamba Roho huchunguza yote, hata mafumbo ya Mungu, nami nitakuuliza tena: basi Marko tumsomeje? Hapa ndipo ninapokwama kwelikweli, zaidi ya pale kwenye hesabu ya tatu na moja.

Halafu kuna zile aya zinazolazimishwa zionyeshe Utatu. "Na tufanye mtu kwa mfano wetu," wale wageni watatu wa Ibrahimu chini ya mialoni. Mtu akishaamua la kuona, ataliona. Hao Wareno walioiacha nguzo yenye msalaba pale ufukweni mwetu, waliandika kwamba huko Mombasa mwaka 1498 wafanyabiashara walionyesha watu wa Vasco da Gama karatasi yenye mchoro wa Roho Mtakatifu. Walipofika Malindi wakaona Wahindi wakisujudu mbele ya picha ya Bikira Maria, wakafurahi kuwapata Wakristo wenzao. Wanahistoria wanaona kwamba hao walikuwa Wahindu. Mabaharia walikuwa wamesafiri miezi wakitafuta Wakristo wa Mashariki, nao wakawapata.

Shemeji naye akisoma haya asicheke sana. Wanazuoni wa Kiislamu waliumizwa kichwa na jambo la jamaa moja na hili: sifa za Mwenyezi Mungu, elimu yake, maneno yake, ni Yeye au ni kitu kingine? Wafuasi wa mwanazuoni Ash'ari walijibu kwamba si Yeye wala si kinginecho. Mu'tazila, kundi jingine la wanazuoni lililoshikilia kwamba Kurani iliumbwa, wakawaambia wanaosema Kurani haikuumbwa kwamba wanafanana na Wakristo. Khalifa al-Ma'mun alianzisha msako juu ya suala hilo mwaka 833, na mwanazuoni Ahmad ibn Hanbal, aliyekataa kusema iliumbwa, akafungwa. Simaanishi mizani ni sawa, maana hakuna Mwislamu aliyesema sifa mbili zinaombana. Nasema tu kwamba umoja wa Mungu si mwepesi kama unavyotamkwa kwenye kipaza sauti.

Sasa nifike ninapokulaumu wewe, kwa heshima. Thomas Aquinas, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13 ambaye hakuna atakayemwita mzushi, aliandika kwamba akili peke yake haiwezi kuuthibitisha Utatu, na anayejaribu kuuthibitisha kwa hoja dhaifu huifanya imani ichekwe na wasioamini. Mwalimu wenu mwenyewe amewakataza. Yeye anadai fumbo liko juu ya akili bila kupingana nayo, na hapo tunaweza kubishana. Lakini ninyi hampiti njia hiyo. Mnaanza na mifano, mfano ukipasuka, ndipo mnasema "ni fumbo, mwanangu." Ingekuwa fumbo tangu mwanzo ningeliheshimu.

Linaloniudhi zaidi ni adhabu. Ile kanuni ya imani inayoitwa ya Athanasius, ingawa hakuiandika yeye, inafungua kwa kusema asiyeishika imani hii nzima atapotea milele. Mtu apotee kwa kutoshika jambo ambalo katekista wake, akibanwa, anakiri hakuna alielewaye? Naweza kuamini nisichokielewa. Lakini lazima nijue ninaamini nini, na ukinipa mfano wa uzushi nikaukariri kwa uaminifu, hapo nimeshika imani ya nani?

Bado napiga ishara ya msalaba. Bado naja Misa. Usimwambie mama kwamba nimeasi, maana atafunga siku tatu bure.

Ombi langu ni dogo. Darasa lako la kipaimara likifika somo hilo, acha baba, mume na katekista. Wasomee Marko 13:32, wape nafasi wakuulize, na wakikuuliza usiharakishe. Kisha uniandikie ni ipi kati ya zile kauli nne unayoilegeza wewe, kimoyomoyo, unapopiga magoti. Andika, Mjomba, usipige. Kwa simu utaniambia mtandao mbaya.

Mpwa wako,
Malindi