YAH: APDETI YENU IMEGUSA KEVU ZANGU BILA RUHUSA

Kwenu watu wa huduma kwa wateja, na naomba barua hii iwafikie pia wale wanaoiandika programu yenyewe ya animesheni, maana mimi na ninyi wa tiketi tumeshaongea mpaka tumechokana,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu huu mwaka wa sita, leseni nalipia kila mwezi na sijawahi kuchelewesha hata siku moja, na hii ndo mara ya kwanza nawaandikia barua ndefu hivi, kwa sababu siku zote nikikutana na tatizo huwa nalizunguka kimyakimya nasonga mbele. Hili la kevu, ile mistari iliyopinda inayoongoza mwendo wa kila kitu, nimeshindwa kulizunguka.

Iko hivi. Usiku programu ikaniambia kuna apdeti, nikakubali nikaenda kulala, hapo kosa langu nakiri, mtu mwenye akili timamu haapdeti kazi ikiwa mezani. Asubuhi nafungua faili la shoti (kipande cha katuni) niliyokuwa NIMESHAIMALIZA, mteja wangu ameshaipitisha, imebaki kurenda tu, yaani kuitoa iwe video. Shoti ya sekunde 12, fremu 288 kwa spidi ya fremu 24 kwa sekunde, jamaa kabeba boksi zito anatembea nalo, anageuka, analiweka chini, basi. Nikabonyeza plei. Jamaa miguu inazama sakafuni kama anatembea kwenye matope, boksi ambalo nilihangaika nalo siku mbili lionekane zito sasa linanyanyuka kama limejazwa pamba, na alipofika pale pa kugeuka akazunguka kinyumenyume karibu mzunguko mzima kama pia. Nilicheka kwanza, siwafichi. Halafu nikakumbuka kazi inatakiwa mchana.

Masaa matatu yakaenda nikikagua rigi (mifupa ya jamaa), nikikagua sakafu, nikikagua kama kuna kontroli (kile unachokishika kumsogeza kiungo) imekatika, yaani nikaangalia kila kitu isipokuwa kevu zenyewe, kwa sababu kevu sikuzigusa na kitu ambacho hukukigusa huwezi kukishuku. Nilipokuja kufungua grafu edita, dirisha la kuzionea kevu, ndo nikaelewa. Vifremu vyote, yaani zile fremu chache ninazozipanga mwenyewe na programu inajaza za katikati, vipo palepale, fremu zilezile, namba zilezile, ukiviangalia kwenye taimulaini utaapa hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni handeli. Vile vishikio viwili vya kila kifremu, ambavyo mimi nilivipanga kimoja kimoja kwa mkono, kimoja hapa nimekilaza flati, kingine nimekivunja ili upande wa kushoto uende kivyake na wa kulia kivyake, kingine nimekivuta kirefu, vyote mmevigeuza kuwa oto laini, programu ijipangie yenyewe. Vyote. Bila kuuliza, bila onyo, bila hata kakiboksi ka "sawa / hapana".

Sasa nawaelezea kwa namba maana sapoti yenu iliniambia "tofauti ni ndogo sana kuonekana". Chukueni mguu wa kushoto, kontroli yake, kevu ya juu na chini. Fremu 33 mguu uko juu sentimita 10. Fremu 41 umekanyaga, sifuri. Fremu 53 bado umekanyaga, sifuri. Fremu 61 umeshanyanyuka tena, 10. Kwahiyo kati ya 41 na 53, nusu sekunde nzima, mguu unatakiwa utulie chini, na mimi ndo maana nikalaza handeli za hivyo vifremu viwili, kevu ikawa mstari ulionyooka, mguu umetulia. Hiyo oto yenu inafanyaje? Inamwangalia jirani wa nyuma na jirani wa mbele halafu inachora mteremko wa wastani. Jirani wa nyuma wa fremu 41 yuko juu, kwahiyo kevu inafika pale 41 bado inashuka, inapita sifuri, inaendelea kuzama, na inapofika fremu 47 mguu uko sentimita moja na nusu CHINI ya sakafu, ndo inaanza kurudi juu. Ni hesabu ya darasani, fanyeni wenyewe. Soli yote ya kiatu imemezwa. Hiyo ndo tofauti ndogo sana kuonekana?

Na huo ni mguu mmoja, kontroli moja, kevu moja. Huyu jamaa ana kontroli 60, kila moja ina kevu sita, tatu za kusogea na tatu za kuzunguka, pigeni hesabu zinakuja kevu 360. Mnataka nizipitie zote?

Boksi ndo limeniuma zaidi, na hapa niruhusuni nichonge kidogo maana hili watu wasioanimeti huwa hawalioni. Uzito kwenye animesheni hauko kwenye pozi, pozi inasaidia tu. Uzito uko kwenye namna kitu kinavyochelewa kuondoka. Kevu ya kunyanyua boksi nilikuwa na vifremu viwili tu, chini na juu, fremu 20 kati yake, na kazi yote ilifanywa na urefu wa handeli: ile ya chini nimeivuta ndefu mpaka katikati huko ili boksi ling'ang'anie sakafu, mgongo unavuta, mikono inanyooka, boksi halitaki, halitaki, halafu linakubali kwa ghafla. Nyie mmechukua kila handeli mkaipa urefu uleule, theluthi moja ya nafasi kati ya kifremu na kifremu. Urefu wangu wote umefutwa. Pembe naweza kuzikumbuka kwa kuangalia video ya zamani, ila urefu wa handeli siwezi, ule ulitoka kwenye mkono, unavuta unacheza unavuta tena unacheza mpaka tumbo linakwambia hapo hapo usiguse tena. Sikuuandika popote kwa sababu faili ndo mahali pa kuuandikia, au mlitaka niwe na daftari pembeni?

Mjue hizi kevu hazikuanza na sisi wa katuni. Bézier ambaye jina lake liko mpaka kwenye menyu yenu alikuwa mhandisi wa Renault kule Ufaransa, miaka ya 1960 alizitumia kuchorea mabodi ya magari. Hebu fikirini mhandisi anafika ofisini asubuhi anakuta madigadi yote ya gari yamejivimbisha yenyewe usiku kwa sababu mashine imeona ndo yanapendeza zaidi. Angefanyaje? Mimi nimeandika barua tu.

La kuzunguka kama pia nalo nimelipata. Kiuno cha jamaa kilikuwa kinatoka digrii 350 kwenda 370, yaani anageuka digrii 20 tu, kageuko kadogo. Apdeti yenu ikaona 370 ni namba chafu, ikairudisha ndani ya 0 mpaka 360, ikawa 10. Ni kweli 370 na 10 ukizitazama kwenye pozi ni kitu kimoja. Lakini kifremu hakikai peke yake jamani, kuna safari kati yake na mwenzake, na kutoka 350 kwenda 10 ni kurudi nyuma digrii 340. Aliyeandika hiyo kodi naamini anajua kompyuta kuliko mimi, ila nina wasiwasi hajawahi kubonyeza plei.

Sasa tuje kwenye sapoti yenu. Tiketi ya kwanza nikajibiwa niwatajie driva ya kadi ya grafiki. Nikawatajia. Tiketi ya pili, nirudishe setingi zote za mwanzo. Nikarudisha, nikapoteza na shotikati zangu zote za kibodi juu, ahsanteni. Tiketi ya tatu mtu mwingine kabisa akaniambia huo si ubovu, ni maboresho, eti handeli za oto zinafanya mwendo uwe laini na wateja wengi wanapenda. Sikatai, mtoto anayeanza leo hizo oto zitamsaidia, wekeni iwe ndo chaguo la kwanza kwa faili jipya sina neno. Ila faili langu si jipya. Na laini si sifa ya kila kitu. Mpira unaodunda, somo la kwanza la kila mtu kwenye hii kazi, pale unapogusa chini kevu inatakiwa iwe kali kama herufi V, ukiilainisha mpira unazama sakafuni halafu unarudi polepole kama puto. Ngumi ikifika usoni ikalainishwa inakuwa kubembeleza.

Nikamwambia hivyohivyo. Akanipa suluhisho mbili. Ya kwanza, nichague vifremu vyote nibonyeze kitufe cha flati. Ndugu yangu, nikilaza vyote jamaa anasimama kidogo kwenye KILA kifremu, anaenda anatulia, anaenda anatulia, kiuno ambacho kilitakiwa kipite moja kwa moja kinakuwa kama basi la kila kituo. Ya pili, niongeze vifremu katikati pale kevu inapozama ili niizuie. Hii ndo ilinifanya nifunge kompyuta nikatembee kidogo. Kifremu cha kuziba kifremu! Leo naweka kimoja fremu 47, kevu inavimba fremu 44 na 50, naweka viwili vingine, inavimba pengine, jioni kevu iliyokuwa na vifremu vinne ina vifremu 15 na ina matuta kila mahali, na mteja akisema "mguu uchelewe fremu mbili" nahamisha 15 badala ya viwili. Kila kifremu unachoongeza ni deni. Miaka yote nimejifunza kupunguza, nyie mnanifundisha kuongeza.

Mimi nikasema isiwe tabu, narudi toleo la zamani. Narudi, lile faili nililofungua asubuhi na kulisevu, toleo la zamani halilijui tena, linasema limetengenezwa na toleo jipya zaidi. Yaani mmebomoa ukuta halafu mkafunga mlango na funguo mmebaki nazo. Kilichoniokoa ni bakapu ya siku tatu nyuma kwenye diski ya pembeni, ambayo ina mwili wote ila haina ule mnyanyuo wa boksi wala kugeuka, hivyo vyote nimevifanya upya usiku kucha, mteja wangu nikamwomba siku moja akanipa kwa shingo upande. Boksi limekuwa zito, halijawa zito kama la kwanza. Yeye hajaona. Mimi naona kila nikicheza.

Nikiwa hapohapo, na hili si kubwa kama hayo mengine: kwenye toleo hilihili ukivuta kiboksi cha kuchagua kwenye grafu edita kinachukua na vifremu vya kevu nilizozificha. Nimezificha kwa sababu sitaki kuzigusa. Nasogeza kiwiko na bega linakuja, nagundua baada ya dakika 20, na andu (kitufe cha kutengua) haifiki huko nyuma.

Ninachotaka nakisema wazi ili tusirushiane tena mpira. Faili la zamani likifunguliwa kwenye toleo jipya lije na handeli zake jinsi zilivyosevuliwa, pembe na urefu, na namba za mizunguko ziachwe zilivyo hata kama ni 370 au 3700, na kama ni lazima kitu kigeuzwe basi niulizwe kwanza na kopi ya faili la awali iachwe pembeni. Toleo jipya liweze kusevu kwa ajili ya toleo la nyuma yake, walau moja. Kevu iliyofichwa isichagulike. Na malipo ya mwezi huu mnirudishie, si kwamba yatafidia ule usiku, ila naona aibu kulipia kuharibiwa kazi. Na tiketi yangu ya tatu mmeifunga mkaandika "imetatuliwa", naomba mwondoe hilo neno.

Mkishindwa kunijibu ndani ya wiki mbili nitasitisha leseni mwezi ujao, nami sisemi kwa kutisha, vidole vyangu vimezoea programu yenu na kuhamia nyingine itanigharimu miezi.

Nimeambatanisha mafaili mawili, la bakapu na lilelile baada ya kufunguliwa na toleo jipya, sijagusa chochote katikati. Msiniulize tena kuhusu driva. Fungueni yote mawili, chagueni kontroli ya mguu wa kushoto, kevu ya juu na chini, muangalie fremu 41 mpaka 53.

Mteja wenu, mpaka sasa.