Barua kwa waliosema gari langu "linafanya kazi kama lilivyoundwa"

Columbus, Ohio
10 Februari 2025

Mkuu wa Idara ya Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Mkuu,

YAH: SEDANI YANGU YA MWAKA 2015 NA MAJI YA REJETA YALIYOVUJA MIAKA SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshatangulia kwa posta, fupi na yenye adabu, kama mnavyopenda. Hii ya Kiswahili nimeiandika kwa sababu nikikasirika Kiingereza kinanikimbia, na jambo hili limenikasirisha vya kutosha. Watu wa kutafsiri mnao.

Gari nililinunua Machi 2018 kwa wakala wenu mwenye kibali, sikuliokota kando ya barabara. Sedani, gari la chini lenye buti nyuma, silinda nne, injini ya tabo, rangi ya fedha, maili 33,000. Nilichukua mkopo wa miezi 60 na nimeumaliza bila kuchelewesha hata mwezi mmoja. Muuzaji alinifungulia kijitabu akanionyesha kwa kidole: injini na gia boksi vina dhamana ya miaka 5 au maili 60,000, kitakachotangulia. Hilo neno la mwisho alilisoma mbiombio, nami nilikuwa nimeshaanza kuangalia viti.

Novemba mwaka huohuo ikaanza harufu. Harufu tamu, kama sukari iliyoungulia sufuriani, ikitoka kwenye matundu ya hewa kila nikiwasha hita. Mwanangu, aliyekuwa na miaka saba, alisema gari linanukia peremende. Nikalipeleka kwenu. Mlikaa nalo nusu siku, mkanirudishia pamoja na karatasi ambayo ninayo hadi leo: "Mteja anasema ananusa harufu tamu. Gari limekaguliwa. Hakuna kasoro. Linafanya kazi kama lilivyoundwa." Ukaguzi dola 95. Niliuliza dhamana imekwenda wapi, nikaambiwa dhamana inalipia kasoro, na kwa kuwa kasoro haikuonekana, anayelipa ni mimi.

Mwisho wa Januari 2019, mtakumbuka, ilishuka ile baridi ya ncha ya kaskazini ikagandisha majimbo yote ya huku. Mimi ni mhudumu wa wazee, zamu ya usiku, natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikiwa mwendoni, hita inapuliza moto. Nikisimama kwenye taa nyekundu, inapuliza barafu. Nikiondoka tena, moto unarudi. Nikajifunza kutoa gia kila nisimamapo kwenye taa na kukanyaga mafuta kidogo ili vidole visife ganzi, na wa gari la pembeni ananitazama akidhani namwalika mashindano. Kioo cha mbele kiliganda kwa ndani, kwa pumzi yangu mwenyewe. Nilikikwangua kwa kadi ya maktaba.

Yeyote aliyekaa gereji hata wiki moja anajua maana ya hayo: maji yamepungua, na injini ikinguruma taratibu pampu haiyafikishi kwenye hita. Wakala wenu aliongeza maji, akanitoza dola 42, akaandika tena kwamba gari linafanya kazi kama lilivyoundwa. Kwa mdomo akasema ni baridi ya Ohio. Ndugu Mkuu, maji ya rejeta yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Hayatumiki kama petroli. Yakipungua, kuna mahali yamekwenda. Hakuna aliyejishughulisha kuuliza ni wapi.

Tangu hapo nikawa natembea na galoni ya maji ya rejeta kwenye buti, kama dereva wa daladala chakavu na dumu lake. Mjomba wangu wa Dar alicheka sana kwenye simu. Kisha akaniuliza lile swali ambalo kila Mtanzania mwenye gari la Kimarekani huulizwa na ndugu zake: kwani Toyota ziliisha?

Septemba 2020 nikakuta dimbwi la rangi ya chungwa chini ya injini. Ulikuwa mwaka wa korona, na sisi wa nyumba za wazee hatukuwa na anasa ya kukosa zamu. Safari hii alinihudumia kijana mmoja, fundi wenu, ambaye simtaji na wala sina ugomvi naye. Aliniita nyuma akanionyesha kipande chenyewe. Ni kiwiko cha plastiki nyeusi, kinaenea kwenye kiganja, kazi yake ni kuyatoa maji ya moto kwenye injini yaelekee kwenye rejeta. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kandokando ya ufa umejengeka ukoko mkavu, mweupe na wa chungwa, kama chumvi iliyokaukia kwenye ukingo wa ndoo. Ukoko ule haujengeki kwa siku moja. Nikamwuliza una muda gani. Akasema, "Muda mrefu, mama," kisha akatupia jicho mlangoni kuona kama bosi wake yupo.

Maili zilikuwa 57,400, kwa hiyo nikaingia ofisini kwa meneja nikiwa na furaha. Furaha ya bure. Miaka mitano ilihesabiwa tangu Agosti 2015, siku mwenye gari wa kwanza alipokabidhiwa ufunguo. Nilikuwa nimechelewa wiki tatu. Nikamweleza kwamba nilikuja mara mbili ndani ya dhamana kwa ugonjwa huuhuu. Akafungua kompyuta, akasema kumbukumbu zao hazionyeshi kasoro yoyote iliyowahi kupatikana. Zitaionyeshaje, na walioandika kwamba haipo ni ninyi wenyewe? Nikalipa dola 468, nikafungiwa kiwiko kipya cha plastiki ileile.

Nilipiga simu makao makuu wiki ile. Mtu wa simu akaniambia pengine dhamana ingefutika tu, kwa kuwa oili nabadilisha kwenye gereji ya mtaani na siyo kwa wakala. Hili naomba mlichukue kwa uzito. Sheria ya Marekani ya dhamana za bidhaa, Magnuson-Moss ya mwaka 1975, haiwaruhusu ninyi kumlazimisha mteja afanyie sevisi kwa wakala kwa kulipa fedha zake ndipo dhamana iwe hai. Mimi nimeisoma, na wanaowapokelea simu nao waisome. Risiti zangu zote za oili zipo kwenye kopo la biskuti, zimepangwa kwa tarehe.

Kiwiko cha pili kiliishi miaka minne. Oktoba 2024 natoka kwenye harusi Cleveland, nimevaa kitenge cha sare na viatu vya visigino, narudi nyumbani kwa barabara ya I-71. Karibu na Mansfield ile harufu ya peremende ikajaa ndani mara moja. Nikatazama mshale wa joto: uko katikati, mahali pake. Nikajipa moyo. Dakika chache baadaye mshale ukashuka, nami, kwa ujinga wangu, nikashukuru kwamba gari limepoa. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kile kipimajoto hupima maji, na maji yakiisha yote hubaki kinapima hewa. Injini inaungua na mshale umelala. Nilijua kuna msiba pale moshi mweupe ulipoanza kutoka nyuma na gari likaanza kutetemeka. Nilisimama kando ya barabara na visigino vyangu, malori yananipita yakinisukuma kwa upepo, hadi gari la kuvuta likafika. Dola 285.

Wakala wenu akatoza dola 149 kwa kufungua boneti na kuniambia gasketi ya silinda hedi imekwisha. Oili ilikuwa kama chai ya maziwa, hata mimi niliiona kwenye kijiti. Kutengeneza, dola 4,150. Hapohapo akaja muuzaji, tena kwa ukarimu mwingi, akasema gari halifiki bei hiyo, nimwachie kwa dola 1,200 na nichukue gari la juu, SUV, kwa mkopo mpya. Sedani, alisema, watu hawazitaki tena.

Habari hiyo ninayo. Nimeona kampuni za Marekani zikiziacha moja baada ya nyingine: Ford ilitangaza mwaka 2018 kwamba sedani inazifuta katika soko la huku, Chevrolet Cruze ikasimama kiwandani Lordstown, hapahapa Ohio, mwaka 2019, na Malibu ikafuata mwishoni mwa 2024. Biashara ni yenu, amueni mtakavyo. Lakini sisi tuliozinunua bado tunaziendesha, na mkopo wa sedani haukufutwa siku mlipoifuta sedani.

Tena sina chuki na gari za Kimarekani, msinielewe vibaya. Shemeji yangu aliendesha teksi ya Crown Victoria, gari refu kama jahazi, linakunywa mafuta bila aibu, lakini lilipita maili 300,000 kwa injini ileile na gia boksi ileile. Gari hizo ziliacha kutengenezwa mwaka 2011 na hadi leo unazikuta njiani. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani, ana Buick LeSabre ya 2004 ambayo hataki hata kusikia habari ya kuiuza. Nchi hii inajua kuunda sedani ya kudumu. Ndiyo maana niliwaamini.

Gari nikalivuta tena, safari hii hadi kwa fundi mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu, mwenye gereji ya milango miwili nyuma ya kituo cha mafuta. Alikitoa kiwiko, akakigeuza mara moja tu. "Dada, hii kitu iko plastiki. Moto inaikula." Akafunga cha alumini, ambacho mtu mwingine kabisa, si ninyi, anakitengeneza na kukiuza dola 40 na ushei. Alichonga hedi, akabadilisha gasketi, akasafisha mfumo wote, akaomba dola 1,780. Gari linatembea hadi leo. Galoni imetoka kwenye buti.

Lakini kilichonifanya niandike ni karatasi aliyonipa pamoja na risiti. Yule fundi, kabla hajagusa gari lolote, huingia kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari, ambako taarifa za kiufundi ambazo kampuni huwatumia mawakala wao huwekwa hadharani. Akaandika aina ya gari na mwaka, akachapa. Ni taarifa yenu. Inasema mteja akilalamika harufu ya maji ya rejeta ndani ya gari, au maji kupungua bila dalili, fundi akague kiwiko cha kutolea maji na akibadilishe. Tarehe yake ni Mei 2017. Mimi nilinunua gari Machi 2018, na harufu nikaileta Novemba.

Najua tofauti. Ingekuwa wito wa usalama, ule wa kuyarudisha magari yote kwa mawakala, mngelazimika kuniandikia barua na kutengeneza bure. Taarifa ya kiufundi mnamnong'oneza wakala, na mwenye gari hamlazimiki kumwandikia; aitafute mwenyewe. Sheria ya Ohio ya magari mabovu, wanayoiita ya limau, nayo hainifai, maana inamlinda mwenye gari jipya ndani ya mwaka wa kwanza au maili 18,000. Sawa. Kwa hiyo siwashtaki kwamba plastiki ilipasuka. Vitu hupasuka. Ninachosema ni kwamba nililetea wakala wenu maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye taarifa yenu, harufu na maji kupungua, mara mbili, ndani ya dhamana, na mara zote mbili mkaniandikia kwamba hakuna kasoro na mkanitoza. Ama hakuisoma taarifa, ama aliisoma. Sijui lipi ni baya zaidi, na ningependa mniambie ni lipi.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, dola 2,819: yaani 95, 42, 468, 285, 149 na 1,780. Fedha ya kulivuta gari mara ya pili sikuiweka, wala zamu tatu nilizokosa, wala kitenge kilichoingia oili. La pili, muiondoe kwenye kumbukumbu za gari langu ile sentensi ya "hakuna kasoro" ya 2018 na 2019, muweke iliyo kweli, kwa sababu siku moja nitaliuza gari hili na sitaki kumuuzia mwenzangu uongo wenu.

Msiponijibu hadi tarehe 15 Machi, malalamiko haya yatakwenda NHTSA na kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio, kitengo cha walaji. Fomu zote mbili nimeshazijaza.

Ndani ya bahasha mtakuta nakala za risiti, karatasi zenu mbili za ukaguzi, taarifa ya Mei 2017, na kiwiko chenyewe, kile cha pili, kwenye mfuko wa sandwichi. Msikioshe, ukoko bado upo. Mkimaliza kukitazama naomba mnirudishie.

Wenu,
Mteja,
Columbus, Ohio.