Kabla hujanunua friji nyingine, nyutro ipimwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenye majengo na wapangaji wenzangu hapa Mombasa, manake hii mambo ya friji na AC kuungua kila mara tushaizoea vibaya, mtu anasema tu "stima mbovu" alafu anaenda kununua ingine.

Sisi tuko kwenye ghorofa upande wa Mwembe Tayari, chini maduka na buchari, juu maofisi na saiba. Juu zilikuwa zinaungua pawasaplai za kompyuta, chaja na taa, chini ni kompresa za friji tu. Fundi anakuja, anabadilisha kilichokufa, analipwa, haipiti muda anaitwa tena. Kuna mwengine akatuuzia stebilaiza nayo ikaungua. Mwenye jengo akawa anasema ni stima ya nje, lakini jengo la jirani liko kwa transfoma hiyo hiyo na taa zao hata hazipepesi, sasa stima ya nje ituchague sisi peke yetu vipi?

Aliyetuokoa ni fundi kijana mwenye leseni, na hakufungua kifaa hata kimoja. Alianza kwa maswali, kimeungua nini, cha nani, saa ngapi, kiko laini gani kati ya zile nyaya tatu zinazoleta stima, akaandika yote, na vya juu karibu vyote vikaangukia laini ya buluu. Mafundi wa kwanza walikuwa wanapima asubuhi maduka hayajafunguliwa, wanapata volti 240, wanasema iko sawa wanaenda zao. Huyu alingoja saa nane mchana, AC zote zinanguruma, akapima laini zote tatu pale pale: buluu 280 na kitu, nyekundu ya buchari iko chini ya 200, na friji kubwa ikijizima namba zinaruka zote. Akasema hiyo ni nyutro, ule waya wa kurudishia stima, imelegea.

Jengo kubwa linaingiza laini tatu, laini kwa laini ni volti 415, laini kwa nyutro ni 240. Nyutro ikiwa haishiki vizuri hiyo 240 haitulii, laini yenye mzigo mwingi inashuka na yenye mzigo kidogo inapanda. Kule ilikopanda pawasaplai zinapasuka, kule ilikoshuka kompresa inavuta ampea nyingi, inachemka mpaka inakufa. Breka ya kawaida nayo haikuokoi hapo, yenyewe inaangalia ampea, haijui volti.

Stima ilipozimwa yote na bodi kuu kufunguliwa tulijionea wenyewe, waya wa aluminiamu umefungwa moja kwa moja kwenye shaba, bolti imeota unga mweupe na ukijani, plastiki pembeni imeyeyuka nyeusi. Aluminiamu na shaba zikikutana na unyevu zinalana, na kwa hewa yetu hii ya chumvi ndio kabisa, panatakiwa lagi maalum ya kuziunganisha. Kiungo kikabadilishwa, na gharama yake haikufika bei ya kompresa moja!

Wenye majengo, jamani, bodi kuu ni yenu sio ya mpangaji. Iteni fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, akague viungo, apime mchana mzigo ukiwa umejaa, na muweke kile kifaa kinachokata stima volti ikipanda au ikishuka kupita kiasi. Na mtu yeyote asithubutu kufungua nyutro stima ikiwa imewaka, ataunguza vifaa vya jengo zima kwa mara moja na yeye mwenyewe anaweza kufa hapo.

Wapangaji nanyi andikeni kila kinachoungua, tarehe, saa na chumba, hiyo karatasi ndio itamuonyesha fundi pa kuanzia. Ukiona taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kawaida wakati za pengine zinafifia, zima vitu vyako na umuite mwenye jengo siku hiyo hiyo. Na akikuambia ununue stebilaiza, muulize bodi kuu ilikaguliwa lini mara ya mwisho na nani.

Mpangaji, Mwembe Tayari, Mombasa