Barua kwa Mwanangu: Pasi na Umeme Mdogo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Barua yako imefika pamoja na karatasi ya maswali ya fizikia, nami nimeisoma mara mbili nikiwa na kalamu mkononi. Swali la kwanza umelipata. La pili umelikosa, lakini ni kosa ambalo hata mafundi wazima hulifanya, na kwa sababu hiyo nimeona nikuandikie juu yake kwa kirefu.

Uliambiwa pasi ni ya wati 1000 kwenye volti 230. Ukagawa wati, yaani nguvu inayotumika, kwa volti, yaani msukumo wa umeme, ukapata ampia 4.35, yaani wingi wa umeme unaopita, kisha ukagawa volti kwa ampia hizo ukapata ukinzani, yaani kiasi pasi inavyozuia umeme, wa omu 53 hivi. Hapo sina la kusahihisha. Swali likaendelea: umeme ukishuka hadi volti 180, pasi hiyo hiyo itatumia wati ngapi? Wewe ukazidisha 180 kwa 4.35, ukaandika wati 783. Ulizichukua ampia za mwanzo kana kwamba ni mali ya pasi. Mwanangu, mali ya pasi ni ukinzani, yaani ile koili iliyofichwa ndani yake, yenye urefu wake na unene wake, ambayo haibadiliki eti kwa kuwa mtaa mzima umewasha majiko saa moja jioni. Volti huletwa na nguzo, ukinzani huja na kifaa, na ampia huzaliwa pale viwili hivyo vinapokutana. Basi gawa kwanza 180 kwa 53 upate ampia 3.4, ndipo uzidishe 3.4 kwa 180. Jibu ni wati 612.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Volti imepungua kwa asilimia 22 hivi, lakini joto la pasi limepungua kwa karibu asilimia 39, kwa sababu volti iliposhuka ilizivuta na ampia, na upungufu ukaingia mara mbili katika kuzidisha. Ndiyo maana ya ile kanuni nyingine mliyoandikiwa ubaoni, kwamba wati ni volti kuzidisha volti, kisha kugawa kwa omu. Unakumbuka ile Jumapili jioni ulipoikandamiza kola ya shati la shule mpaka mkono ukauma, na mikunjo ikabaki pale pale, ukasema pasi imekufa? Niliichomoa nikapima koili yake, nikakuta omu 53, nzima kabisa. Kisha nikapima soketi, nikakuta volti 178. Ubovu haukuwa ndani ya pasi.

Sheria hii ya kugawa volti kwa omu ili upate ampia tumeachiwa na Georg Simon Ohm, Mjerumani, aliyeichapisha mwaka 1827. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli ambaye alijifundisha hisabati mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe nyumbani, na kila nikilikumbuka jambo hilo hunigusa. Betri za wakati ule hazikutulia, kwa hiyo Ohm alipata umeme wake kwa kuunganisha madini ya bismathi na shaba, kiungo kimoja akakiweka penye maji yanayochemka na kingine penye barafu, ili msukumo wa umeme ubaki vile vile huku yeye akibadilisha urefu wa waya tu. Ona alivyofanya: alijua kitu gani amekishikilia kisibadilike, na kitu gani amekiachia. Wewe ulishikilia ampia, kumbe ulipaswa kushikilia omu. Kwao Ujerumani kazi yake haikupokewa vizuri mwanzoni, ila mwaka 1841 Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilimtunuku medali ya Copley.

Hata omu, hata hivyo, si za kushikilia kila mahali. Balbu ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 ina ukinzani wa omu 882 ikiwa inawaka. Ukiichomoa ikapoa, kisha ukaipima kwa mita, hutapata hata omu 100. Vipimo vyote viwili ni sahihi, kwa kuwa ule uzi wake mwembamba huongezeka ukinzani sana unapokuwa mwekundu kwa joto. Koili ya pasi ni ya nikromu, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambayo hubadilika kidogo tu, kwa hiyo hesabu yetu imesimama. Friji na feni zina mota, nazo zina hesabu ya ziada ambayo hamjafika.

Wiki iliyopita nililetewa ekstensheni iliyoungua. Birika lililokuwa limechomekwa humo ni la wati 2300, maana yake ampia 10 na omu 23. Mguu mmoja wa plagi umekuwa wa kahawia, plastiki imeyeyuka kuuzunguka kama nta, ilhali waya wenyewe ni mzima. Soketi ilikuwa imelegea. Tuseme pale penye kugusana palikuwa na nusu omu tu: ukinzani wote unakuwa omu 23.5, ampia zinashuka hadi 9.8, na ukizidisha 9.8 kwa 9.8, kisha kwa nusu, unapata wati 48 za joto mahali padogo kuliko kucha yako. Chuma changu cha kulehemu ni cha wati 40, nacho huyeyusha risasi.

Plagi hiyo nimeiweka kwenye droo ya vyombo vyangu. Ukifunga shule tutaipima pamoja, ikiwa imechomolewa, kwa maana mita iliyowekwa kwenye omu haigusishwi kamwe penye umeme. Swali la tatu lirudie wewe mwenyewe, kisha uniletee jibu.

Ni mimi, baba yako.