Ua la Usambara lising'olewe msituni

Mhariri,

Dirishani kwangu hapa Tanga kuna kopo la maziwa lenye ua dogo la zambarau. Wageni wangu huliita ua la Kizungu. La Kizungu wapi! Asili yake ni milima yetu ya Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta huku, mbegu zikapelekwa kwao. Leo linauzwa nchi nyingi huku porini likipungua kwa ukataji wa misitu.

Hunifariji asubuhi, kabla hata ya chai. Ila kuling'oa msituni ni wizi. Jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mche. Ombeni kwa jirani. Wenye vitalu nao watuambie miche yao imetoka wapi.

Msomaji wenu,
Tanga